Fundi Sikio na Gari la Miche

Walimwita Fundi Sikio kwa sababu gari likiingia gerejini kwake alilisikiliza kwanza. Wenzake walikuwa wakifungua boneti huku spana iko mkononi. Yeye aliinama, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka mwenye gari akaanza kudhani fundi amesinzia. Kisha akasema, "Nozeli ya tatu," na kweli ilikuwa ya tatu.

Hayo yalikuwa ya zamani, gereji ilipokuwa na mafundi wanne. Magari mapya yalipokuja na kompyuta zao, wateja wakahamia gereji ya ng'ambo ya barabara, kule kwenye mashine inayosoma ugonjwa wa gari na kuuandika kwenye kioo. Mafundi nao wakawafuata wateja, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiaga vizuri. Mke wake pia aliondoka, ila yeye hakuaga. Presha ilimpanda siku ya kwanza, ya pili ikamchukua. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Binti yao wa pekee aliolewa mbali, na kila Jumapili alipiga simu.

"Baba, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Sina neno."

"Umekula?"

"Nimekula."

Mazungumzo yaliishia hapo, maana mtu asiye na neno ataongeza nini?

Chumba chake kilikuwa nyuma ya gereji. Asubuhi alifungua geti, akafagia, akapanga spana kwa ukubwa, akaketi. Kuna siku zilizopita tangu asubuhi hadi jioni asiisikie sauti yake mwenyewe zaidi ya mara moja, pale alipomwambia muuza mkate, "Weka hapo."

Jumanne moja ikaingia pikapu ya dizeli, ya kijivu, ya miaka mingi, bodi yake ya nyuma imetapakaa udongo. Akashuka mama wa miaka hamsini na kitu, amevaa buti za mpira, kucha zake nyeusi kwa kazi. Fundi alimjua kwa sifa. Alikuwa na kitalu upande wa pili wa mji, akiotesha miche ya miti na kuipeleka kwa wanunuzi, na watu walimwita Mama Miche.

"Fundi, nimeambiwa wewe ndiye unayeyajua magari ya wazee."

"Magari ya wazee nayajua, mama. Wazee wenyewe ndio wananishinda. Hili lina tatizo gani?"

"Lina deko. Asubuhi linawaka vizuri, halina matata. Nikitembea kama nusu saa, hasa likiwa na mzigo, linaanza kukosa nguvu. Nakanyaga mafuta, halisikii. Linashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi, halafu kimya. Nikikaa dakika kumi nikawasha, linawaka kana kwamba halikufanya kitu."

"Umeshalipeleka wapi?"

"Kwa mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha filta. Wa pili naye akabadilisha filta, halafu akaniambia ninunue pampu mpya."

Fundi Sikio akatikisa kichwa. "Pampu inaweza kuwa mbovu, sikatai. Lakini pampu hulaumiwa mwisho, hailaumiwi kwanza. Dizeli ina safari yake, mama. Inatoka kwenye tangi, inapita kwenye bomba, inachujwa kwenye filta, ndipo inafika kwenye pampu, na pampu inaisukuma kwenda kwenye nozeli, midomo inayoinyunyiza ndani ya injini. Gari lako linakufa njaa. Mahali fulani kwenye hiyo safari chakula kinakwama. Kazi yetu ni kujua wapi."

Alifungua filta akamimina dizeli yake ndani ya chupa ya kioo, akaiinua juani. Haikuwa na maji wala uchafu. Akafungua kifuniko cha tangi, akakipuliza kuona kama tundu lake la hewa limeziba; halikuwa limeziba. Akakaza klipu zote za mipira ya mafuta, moja moja, akatoa hewa kwenye mfumo.

"Sasa tutatembea," akasema. "Ugonjwa huu hauonekani gari likiwa limesimama. Inabidi tulisubiri lizime."

Basi Mama Miche akashika usukani, fundi akaketi kando yake, kioo kimeshushwa, sikio limetegwa. Wakatoka mjini wakashika barabara ya milimani.

Mwanzoni walizungumzia gari tu. Lakini nusu saa ni ndefu kwa watu wawili wasiozoea kuwa na mtu. Mama Miche alianza kusimulia habari za kitalu chake: mchwa, ukame, mteja aliyerudisha miche akidai imekufa kumbe aliipanda pamoja na mifuko yake.

"Nashinda nayo kutwa," akasema. "Naisemesha. Miche inasikiliza vizuri sana, kaka, tatizo lake ni kwamba haijibu."

Fundi akacheka. Kicheko chenyewe kilimshtua, kilitoka na kutu kama mlango wa ghala.

Pikapu, alieleza mama, ilikuwa ya marehemu mume wake. Watoto walimwambia aiuze, akakataa. Kisha akauliza, macho yakiwa barabarani, "Na wewe, kaka? Wanasema ulifiwa na mke. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Katika miaka mitatu watu wengi walikuwa wamemuuliza fundi mke wake alikufa kwa ugonjwa gani. Hakuna aliyeuliza alikuwaje.

"Alikuwa akiimba vibaya," akasema. "Na alijua kwamba anaimba vibaya. Na bado aliimba, tena kwa nguvu, akipika, akifua. Mafundi wangu walikuwa wananiomba niwashe injini."

Safari hii wakacheka wote wawili. Wakiwa katikati ya kicheko, pikapu ikaanza kwikwi zake. Ikapanda kidogo, ikatetemeka, ikazima katikati ya mlima.

Fundi alishuka haraka. Juu ya filta palikuwa na pampu ndogo ya mkono, kitufe ambacho ukikibonyeza hurudi juu chenyewe. Alipokibonyeza hakikurudi. Kilibaki chini, kimenyonywa, kana kwamba kuna mtu upande wa pili anakivuta. Akakitazama. Baada ya dakika kama kumi kikapanda polepole, na gari likawaka.

"Imekuambia nini?" mama akauliza.

"Imeniambia kwamba inavuta na haipewi. Lete gari kesho, uje na mzigo kidogo. Nataka kulijaribu bila tangi."

Usiku huo fundi alilala akifikiria ule mlima, na haikuwa dizeli peke yake aliyokuwa akiifikiria.

Jumatano Mama Miche alikuja mapema, magunia sita ya udongo nyuma, chupa ya chai na vikombe viwili kwenye dashibodi. Fundi alichomoa mpira unaotoka kwenye tangi, akaweka mwingine mahali pake, akaupitisha dirishani mpaka kwenye dumu la dizeli safi alilolibana kati ya miguu yake. Injini sasa ilikunywa kwenye dumu, tangi likawa halihusiki.

"Tukikutana na polisi," mama akasema, "nitawaambia umebeba mtoto."

"Mtoto mwenyewe ananuka."

Walipanda mlima ule mara mbili. Kwenye kilele walisimama wakanywa chai, injini ikiunguruma bila kuyumba. Mama alisimulia jinsi alivyojifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na saba, wiki tatu baada ya mazishi, akiogopa mitaro kuliko nyoka. Fundi alisimulia jinsi alivyopata jina lake. Wakatembea saa moja na nusu, na pikapu haikukohoa hata mara moja.

Kwa fundi mwenye uzoefu wake, hapo hesabu ilikuwa imekwisha. Pampu ilikuwa nzima, nozeli nzima, filta nzima. Tatizo lilikuwa ndani ya tangi: kitu laini kinachoelea, kinachovutwa taratibu mpaka kwenye mdomo wa bomba na kuuziba. Gari likizima, mvuto unakwisha, kitu kinaachia na kuzama. Ndiyo maana dakika kumi zilikuwa dawa. Alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Kushusha tangi, kulisafisha na kulirudisha ilikuwa kazi ya saa mbili, na jua lilikuwa bado halijavuka utosi.

Walipoingia gerejini, Mama Miche alizima injini, akamgeukia uso umechangamka. "Enhe, fundi? Umelipata?"

Fundi alifungua mdomo aseme ndiyo. Lakini macho yake yakapita juu ya bega la mama, yakaliona geti, spana zimepangwa kwa ukubwa, kiti kimoja. Aliiona kesho, na kesho kutwa, na zote zilikuwa na sura moja.

"Bado," akasema. "Linanichanganya kidogo. Njoo Ijumaa tulitembeze tena."

"Na kesho? Kesho nina miche mia sita ya shule. Wanapanda kesho hiyohiyo, watoto wameshachimba mashimo. Ni mbali, lakini nimeahidi."

"Ukienda polepole," fundi akasema, "litakufikisha."

Maneno yalitoka yenyewe, laini, kama yamepakwa grisi. Kisha akainama akaurudisha mpira wa tangi mahali pake, akakaza klipu kwa mkono wake mwenyewe. Katika miaka thelathini na minane ya kazi hakuwahi kumrudishia mteja ugonjwa anaoujua. Mama alipunga mkono akaondoka. Fundi aliketi, akajiambia kwamba siku moja si kitu.

Alhamisi simu ililia saa sita na nusu mchana.

"Fundi." Sauti ya mama ilikuwa kavu. "Limezima mara nne. Ya nne halikuwaka tena. Niko kwenye tambarare tangu saa nne, jua liko utosini. Nina miti mia sita hapa, na hakuna hata mmoja wa kunipa kivuli."

Alichukua pikipiki ya kukodi, mfuko wa spana mgongoni, akamhimiza dereva njia nzima. Waliikuta pikapu pembezoni mwa barabara iliyonyooka, nyasi kavu pande zote. Mama Miche alikuwa ametandaza turubai juu ya miche, na pale turubai lilipoishia aliongeza shuka lake. Maji ya kunywa aliyokuja nayo alikuwa ameyanyunyiza yote. Hata hivyo majani yalikuwa yamelegea, yameinamia chini kama watu wanaokaripiwa.

Fundi alifungua boneti, akachomoa mpira unaotoka kwenye tangi, akauweka mdomoni, akapuliza kwa nguvu zake zote kuelekea nyuma. Kutoka kwenye tangi ukasikika mgugumio wa mapovu: kilichonasa safari hii kilikuwa kimeachia. Akaurudisha mpira, akabonyeza ile pampu ya mkono mara kama thelathini, akatema dizeli.

"Washa."

Likawaka. Kazi yote haikuzidi dakika tano.

Alitegemea mama atafurahi. Alipoinua uso alimkuta amesimama kando ya mlango, hajaingia ndani vizuri, anamtazama.

"Hukuangalia filta," mama akasema taratibu. "Hukuangalia pampu. Hata hukusikiliza. Umeenda palepale."

Fundi alipangusa mdomo kwa kiganja.

"Ulijua."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Jana. Tulipomaliza na dumu."

"Jana nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, fundi, ukaniambia bado. Ukaniambia litanifikisha."

Gari moja lilipita kwa kasi, upepo wake ukatikisa turubai. Fundi alingoja lipite.

"Nilitaka uje Ijumaa," akasema.

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake haikufika hata siku mbili.

Mama Miche akasema, "Panda," na hilo ndilo neno pekee alilosema mpaka shuleni. Watoto walikuwa wamekwisha kurudi darasani, mashimo yamebaki wazi uwanjani, mistari na mistari. Mwalimu mkuu alipita akikagua, akichambua. Miche mia mbili aliipokea. Mia nne aliikataa kwa upole, akasema mwakani wataona, na kila mtu alielewa maana ya wataona.

Walirudi gerejini mchana unaelekea jioni. Fundi alishusha tangi, akamimina dizeli, akaingiza mkono. Kilichotoka kilikuwa kipande cha mfuko wa nailoni, ukubwa wa kiganja, kimelainika kama utando wa maziwa. Mama, aliyekuwa amesimama getini wakati wote huo akikataa kiti, alisogea akakichukua.

"Ni marehemu mume wangu," akasema. "Alipoteza kifuniko cha tangi safari moja, akaziba na mfuko. Nikamwambia utatumbukia ndani. Akasema hauwezi kutumbukia. Tulibishana njia nzima." Akakikunja, akakitia mfukoni. "Alikuwa mbishi, Mungu amrehemu."

Fundi alitaka sana kuuliza habari zaidi za yule mbishi. Alijua hana haki hiyo tena. Alifunga tangi, akalijaribu gari, akasema limepona.

"Asante, fundi," mama akasema. Lile neno "kaka" la juzi hakushuka nalo garini.

Wiki tatu zilipita. Ijumaa ya kwanza fundi alijikuta anaangalia geti, akajikemea. Upweke aliokuwa nao zamani alikuwa ameuzoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Huu ulikuwa mwingine. Huu alijitengenezea mwenyewe, na ulikuwa na uso, na sauti, na vikombe viwili vya chai. Mteja mmoja alileta lori dogo. Fundi alilisikiliza, akalitengeneza, akamwambia kila alichokiona, hata visivyoulizwa, mpaka yule mteja akacheka: "Fundi, leo unaungama?"

Jumatatu ya wiki ya nne hakufungua geti. Alioga, akavaa shati safi, akaenda kwa miguu mpaka upande wa pili wa mji.

Kitalu kilikuwa kikubwa kuliko alivyofikiri. Mama Miche alikuwa peke yake, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anajaza udongo kwenye viriba, ile mifuko midogo ya kuoteshea. Alimwona kutoka mbali, asiache kazi.

"Gari halijazima tangu siku ile," akasema, kabla hajasalimiwa.

"Sikuja kwa ajili ya gari."

"Najua."

"Nimekuja kukuomba radhi. Siku ile sikuomba, nilijieleza tu. Nilikutia hasarani, nikakuacha juani, nikakudanganya katika kazi ambayo ulinijia kwa sababu uliniamini. Sina cha kujitetea."

Mama alijaza kiriba, akakigongagonga chini, akakipanga na wenzake. Akachukua kingine.

"Miche si kitu," akasema. "Miche huota tena. Unajua kilichoniuma?" Akasimamisha mkono. "Mimi ile Ijumaa ningekuja. Hata ungelitengeneza Jumatano, ningekuja tu. Nilikuwa nimeshaamua. Nilishajiuliza nikifika nitasema nimekuja kufanya nini, gari likiwa zima. Nikasema nitaleta chai, nitasema nilikuwa napita. Wewe ulikuwa na haja ya kusema tu, 'Gari limepona, lakini karibu tena.' Basi. Maneno matano."

Fundi alisimama kati ya mistari ya miche, mikono imening'inia. Miaka yote alisikia kila kitu kilichokuwa ndani ya injini za watu. Hili lilikuwa karibu yake, kwenye kiti cha dereva, na halikumfikia.

"Sikujua," akasema.

"Hukuuliza."

Kisha mama akaipindua ndoo nyingine kwa mguu, ikakaa chini, kitako juu.

"Kaa. Mia nne hazijijazi zenyewe."

Akakaa. Akachukua kiriba, akachota udongo, akajaza, akakandamiza kwa vidole vyake vigumu vya spana. Mama alikichukua, akakibonyeza, akamrudishia.

"Umeshindilia mno. Mizizi itapita wapi?"

Fundi alimwaga udongo akaanza upya. Walifanya kazi mpaka alasiri na hawakuongea zaidi ya "sogeza" na "lete maji." Alipoaga, mama hakusema arudi, wala hakusema asirudi. Alisema tu kwamba udongo wa kesho utahitaji kuchekechwa kwanza.

Alirudi kesho yake, akafunga gereji kuanzia saa nane. Akarudi siku nyingine tatu. Siku ya tano mvua iliwakuta kazini, wakakimbilia kwenye banda la zana, wakasimama mlangoni, maji yakipita mbele yao na kubeba majani makavu. Mama alijipangusa uso, akatazama viriba vilivyokuwa vikinywa mvua nje. Kisha, bila kumgeukia, akamuuliza kama mke wake alikuwa na wimbo mmoja aliokuwa akiuharibu zaidi ya mingine, na fundi akaanza kumsimulia.